Jinsi ya Kujaza Dewa ya Nitrojeni Kimiminika: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi wa Mafunzo kwa Vitendo

Mwanafunzi anayekwenda kufanya mafunzo kwa vitendo wakati wa likizo ndefu katika maabara yenye vifaa vya baridi kali hukabidhiwa kazi hii ndani ya wiki ya kwanza: kuchukua nitrojeni kimiminika kutoka kwenye mtungi mkubwa na kujaza dewa ndogo ya lita 25. Ni kazi inayoonekana nyepesi, na karibu kila anayeianza hushindwa kwa namna ileile. Hufungua vali kwa pupa, chumba hujaa ukungu mweupe, hosi hutikisika, na baada ya nusu saa dewa huwa na lita tatu au nne huku mtungi ukiwa umepoteza kimiminika kingi zaidi ya hicho. Kosa ni kutojua kwamba dakika za mwanzo ni za kupoza vyombo, na kwamba wakati huo kimiminika hakiwezi kukusanyika hata vali ikifunguliwa hadi mwisho.

Katika mwongozo huu, neno mtungi linamaanisha chombo kikubwa chenye presha, vali na geji, na neno dewa linamaanisha chombo kidogo kisicho na presha, chenye kuta mbili na utupu kati yake. Mara chache za kwanza fanya kazi hii ukiwa na msimamizi wako kando yako. Kanuni za maabara yako zikitofautiana na maandishi haya, fuata kanuni za maabara.

## Vitu vinavyohitajika

Viandae vyote kabla ya kugusa vali yoyote, kwa sababu ukishaanza hutaruhusiwa kuondoka.

- Mtungi wa presha ndogo, ambao vali yake ya usalama hufunguka kwenye presha ya takriban bar 1.5. Mitungi ya presha kubwa, inayofika bar 15 au zaidi, imekusudiwa kutoa gesi na haifai kwa kazi hii.
- Hosi ya chuma inayopindika, iliyotengenezwa kwa ajili ya baridi kali, yenye kichwa cha shaba chenye vitundu vidogo kwenye ncha yake. Kichwa hicho hupunguza kasi ya kimiminika na kukitenganisha na gesi.
- Dewa safi na kavu, pamoja na kifuniko chake chenyewe kilicholegea.
- Spana inayolingana na nati ya hosi.
- Miwani ya kinga, na ngao ya uso ya kuvaliwa juu ya miwani hiyo.
- Glavu za baridi kali zilizo pana kiasi cha kuvulika kwa mtikiso mmoja wa mkono.
- Koti la maabara lenye mikono mirefu, suruali ndefu isiyokunjwa chini, na viatu vilivyofunika mguu wote.
- Kipima oksijeni kilichowashwa, kiwe cha ukutani au cha kubandika kifuani.
- Fimbo ya mbao iliyo kavu na isiyo na tundu ndani, ya kupimia kina.
- Toroli yenye magurudumu manne, na daftari la kumbukumbu.

Maelezo mawili kuhusu mavazi yanastahili kutolewa sababu zake. Suruali huachwa ishuke nje ya kiatu, kamwe isichomekwe ndani ya buti, ili kimiminika kikimwagika kiteleze hadi sakafuni badala ya kunaswa kwenye kifundo cha mguu. Pete na saa huvuliwa kwa sababu chuma kilichopoa hung'ang'ania ngozi. Glavu nazo ni kinga dhidi ya mrusho mdogo na dhidi ya kushika chuma baridi kwa muda mfupi. Hakuna glavu inayokuruhusu kuuchovya mkono.

## Hatua ya 1: Kagua chumba kabla ya kukagua vifaa

Lita moja ya nitrojeni kimiminika ikichemka yote na kufika joto la kawaida la chumba huwa karibu lita 690 za gesi. Tuchukue chumba chenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3, yaani mita za ujazo 60. Lita 25 zikimwagika humo hutoa zaidi ya mita za ujazo 17 za gesi, na oksijeni, ambayo kwa kawaida ni karibu asilimia 21 ya hewa, inaweza kushuka hadi kukaribia asilimia 15. Hata lita 10 peke yake katika chumba hicho hicho zinatosha kuishusha chini ya asilimia 19.5, kiwango ambacho kwacho vipima oksijeni vingi hupiga kengele ya kwanza.

Jambo linalowaponza watu ni kwamba mtu hawezi kutegemea hisia zake kumwonya kuhusu upungufu wa oksijeni. Ile hali ya kubanwa na pumzi tunayoijua husababishwa na kujaa kwa kaboni dioksaidi, na nitrojeni haiongezi kaboni dioksaidi. Mtu katika hewa yenye oksijeni kidogo mno anaweza kuanguka baada ya pumzi chache bila kuhisi chochote kibaya kabla.

Kwa hiyo hakikisha feni za kutoa hewa zinafanya kazi, fungua mlango, soma namba kwenye kipima oksijeni na uiandike. Gesi baridi ni nzito kuliko hewa na hutambaa chini. Usifanye kazi hii kwenye shimo, chumba cha chini ya ardhi au kabati lisilo na hewa.

Dalili ya mafanikio: kipima kinasoma karibu 20.9, na kuna mtu mwingine anayejua kwamba unaanza kujaza.

## Hatua ya 2: Utambue mtungi wako

Simama mbele ya mtungi na utaje kila sehemu kwa sauti kabla ya kuigusa. Kwa kawaida utakuta vali ya kimiminika, vali ya kutolea gesi, vali ya kujenga presha, geji ya presha, kipimo cha kina, vali ya usalama, na diski ya kupasuka ambayo ni kinga ya mwisho iwapo vali ya usalama itagoma. Soma lebo, usitegemee rangi za vishikio wala mahali vilipo, kwa kuwa watengenezaji hutofautiana.

Soma geji. Kwa kujaza dewa, presha kati ya bar 0.7 na bar 1.5 inatosha kabisa. Watu hupenda kuipandisha wakidhani kazi itakwenda haraka, na hapa ndipo wanapojichelewesha. Kimiminika kilichokaa chini ya presha huwa na joto zaidi kuliko kile kinachochemka wazi kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Kikitoka nje, joto hilo la ziada hugeuza sehemu yake kuwa gesi papo hapo. Kwenye bar 1.5, hasara hiyo ni takriban sehemu moja ya kumi; kwenye mtungi wa bar 15 inaweza kuzidi theluthi. Presha kubwa inakupa ukungu mwingi na kimiminika kichache.

Ukisikia vali ya usalama ikipiga mluzi mara kwa mara, usishtuke, kwani hiyo ndiyo kazi yake. Joto huingia ndani ya mtungi saa zote, kimiminika kidogo huchemka, na gesi hiyo lazima ipate pa kutokea.

Onyo: Usiifunge, usiikaze wala usiizibe vali ya usalama kwa sababu yoyote, hata kama kelele yake inakera ofisi nzima. Mnamo Januari 2006, mtungi wa nitrojeni kimiminika ulilipuka katika maabara ya chuo kikuu kimoja nchini Marekani na kupaa hadi kutoboa dari ya zege. Uchunguzi ulionyesha kwamba vifaa vyake vya kupunguzia presha vilikuwa vimeondolewa zamani na matundu yake kuzibwa kwa vizibo vya chuma.

## Hatua ya 3: Iandae dewa na uikagulie shingo

Tazama ndani ya dewa kwa tochi. Tone la maji lililobaki ndani litaganda mara moja, na barafu ikikaa shingoni inaweza kuwa kizibo kinachonasa gesi chini yake. Kama dewa imeoshwa, iache ikauke siku nzima ikiwa imepinduliwa.

Kagua pia nje. Dewa yenye kidonda kikubwa kwenye ganda lake, au ile ambayo mara ya mwisho ilionekana na jalidi (utando mweupe wa barafu) ubavuni, usiijaze, mwonyeshe msimamizi. Kisha iweke kwenye toroli sasa, ikiwa tupu. Lita 25 za nitrojeni kimiminika zina uzito wa kilo 20, ukiongeza na uzito wa chombo chenyewe, na kuinua mzigo huo baadaye ukiwa na glavu nene ni kujitafutia ajali.

## Hatua ya 4: Funga hosi

Funga nati ya hosi kwenye mdomo wa vali ya kimiminika, kwanza kwa mkono hadi iingie bila kupinda, kisha kwa spana hadi ikaze. Mdomo wa vali ya gesi hufanana na huu, nami nimewahi kusimama dakika kumi nikishangaa kwa nini hakuna kimiminika kinachokuja, kumbe hosi niliifunga pembeni yake. Soma lebo mara ya pili.

Ingiza kichwa cha shaba ndani ya dewa hadi karibu na sakafu yake, bila kukigusisha chini. Hakikisha shingo ya dewa ina nafasi ya kutosha kuzunguka hosi, kwa sababu gesi yote itatoka hapo. Usizibe nafasi hiyo kwa kitambaa ati upunguze ukungu.

Onyo: Kama hosi yako ina vali kwenye ncha ya pili, lazima kuwe na vali ndogo ya usalama katikati yake. Kimiminika kilichonaswa kati ya vali mbili zilizofungwa hupata joto, hugeuka gesi, na hosi hupasuka.

## Hatua ya 5: Poza hosi na dewa polepole

Hii ndiyo hatua ambayo kazi nzima inategemea, kwa hiyo isome mara mbili.

Vaa miwani, ngao na glavu. Simama ubavuni mwa dewa, uso wako usiwe juu ya shingo yake. Fungua vali ya kimiminika kidogo tu, robo ya mzunguko au chini ya hapo, kisha uache mkono wako kwenye kishikio.

Kinachotokea ndani ya hosi ni hiki. Kimiminika cha kwanza kinakutana na chuma chenye joto la chumba, kinageuka gesi chote, na gesi hiyo inakimbia mbele ikipoza sentimita chache zinazofuata. Ili kukipoza kilo moja ya chuma cha pua kutoka joto la chumba hadi joto la nitrojeni kimiminika, unahitaji kuchemsha takriban nusu lita. Deni hilo lazima lilipwe. Ukifungua vali kidogo, gesi baridi inayopita polepole inafanya sehemu kubwa ya kazi ya kupoza kabla haijatoka, na unalilipa kwa bei nafuu. Ukifungua sana, gesi inapita kwa kasi ikiwa bado baridi na kutoka nje bila kutumika. Pia hosi inaweza kuruka kutoka kwenye dewa na kumwaga kimiminika miguuni mwako.

Tega sikio, maana sauti itakuambia mengi kuliko macho. Mwanzoni utasikia mluzi mwembamba wa gesi kavu. Baada ya dakika moja au mbili, jalidi nyeupe itaanza kutambaa kwenye hosi kutokea upande wa mtungi, na mluzi utaanza kukatika: utasikia hosi ikikohoa, ikitema matone, ikinyamaza kidogo, kisha ikitema tena. Usiongeze chochote wakati inakohoa. Subiri hadi kikohozi kiishe na sauti ishuke kuwa mvumo mzito usiobadilika. Hapo hosi imepoa.

Dewa yenyewe nayo inadai chake, hasa ikiwa imekaa bila kutumika. Acha lita moja au mbili ziingie, kisha funga vali na usubiri dakika tano. Ndani utasikia mchemko mkali ambao utapungua taratibu, kama sufuria iliyoepuliwa jikoni. Kupoza chombo cha joto kwa ghafla huvuta na kubana mahali ambapo shingo imeungwa na chombo cha ndani, na dewa nyingi huharibikia hapo.

Dalili ya mafanikio: hosi ina jalidi kutoka mwanzo hadi mwisho, mvumo ni wa sauti moja, na mchemko ndani ya dewa umetulia.

Ikishindikana: kama baada ya dakika kumi hosi bado inapiga mluzi tu, soma kipimo cha kina, kwani mtungi unaweza kuwa karibu mtupu. Kama kimiminika kipo, angalia presha. Ikiwa chini ya bar 0.3, fungua vali ya kujenga presha kwa dakika chache, kisha uifunge geji ikifika bar 1.

## Hatua ya 6: Jaza, pima, jaza tena

Sasa ongeza ufunguzi wa vali taratibu hadi mtiririko uwe mzuri, ukungu ukitoka shingoni kwa upole bila kurusha matone. Ukifika unapotaka, rudisha kishikio kidogo nyuma ili kisigande kikiwa kimefika mwisho. Usiondoke. Simu ikiita, iache iite.

Kina cha dewa hupimwa hivi. Funga vali, subiri mchemko utulie, ingiza fimbo ya mbao wima hadi iguse chini, na uhesabu hadi kumi. Itoe na uipunge hewani. Baada ya sekunde chache, mstari mweupe wa jalidi utajichora kwenye sehemu iliyokuwa ndani ya kimiminika, na mwisho wake wa juu ndio kina chako.

Onyo: Usitumie bomba lenye tundu badala ya fimbo. Kimiminika huchemka ndani ya tundu hilo na kurushwa juu kama chemchemi, moja kwa moja kuelekea uso wa anayechungulia.

Acha kujaza kimiminika kinapofika chini kidogo ya mwanzo wa shingo. Ukijaza hadi shingoni, kitamwagika mara tu utakaposukuma toroli.

Kama kengele ya kipima oksijeni italia, funga vali, toka nje, na ufunge njia ili wengine wasiingie. Ikiwa mtu ameanguka ndani, usimkimbilie. Baadhi ya waliokufa katika ajali za namna hii walikuwa waokoaji. Piga kengele ya dharura na uwasubiri wenye vifaa vya kupumulia.

## Hatua ya 7: Funga na usubiri

Funga vali ya kimiminika, lakini usiikaze kwa nguvu zote, kwa sababu chuma baridi kimesinyaa na kukikaza kupita kiasi huharibu kikalio cha vali. Irudie baada ya nusu saa, ikiwa imepata joto, uhakikishe haivuji.

Acha ncha ya hosi ndani ya dewa hadi kimiminika kilichobaki ndani yake kiishe kuchemka. Hosi iliyoganda usiipinde wala usijaribu kufungua nati yake kwa spana. Jalidi ikishayeyuka na kuwa matone ya maji, ifungue, ikaushe na uitundike.

Weka kifuniko cha dewa. Kifuniko hiki kimetengenezwa kwa makusudi kisibane, ili gesi itoke na hewa isiingie. Kuingia kwa hewa kuna hatari mbili: unyevu huganda shingoni, na oksijeni, ambayo hugeuka kimiminika kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri, hujikusanya ndani ya nitrojeni iliyo baridi kuliko hapo. Ukikuta kimiminika cha siku nyingi kimeanza kuwa na rangi ya samawati, kiache mahali kilipo, ondoa vitu vinavyoweza kuungua, na umwite msimamizi. Na kwa kuwa gesi lazima ipate pa kutokea, usitumie kizibo cha mpira, wala usimimine nitrojeni kwenye chupa ya kawaida ya chai yenye mfuniko wa kusokota.

## Hatua ya 8: Safirisha

Sukuma toroli polepole, dewa ikiwa mbele yako ambapo unaiona. Usipande lifti pamoja na dewa. Lifti ikikwama, utakuwa umefungiwa kwenye kisanduku kidogo na chombo kinachotoa gesi. Iweke dewa ndani ikiwa na bango linalokataza mtu kuingia, mwenzako aipokee ghorofa inayohusika, nawe upande kwa ngazi.

Ikitokea ngozi imeguswa na kimiminika au chuma baridi, vua nguo zilizo karibu iwapo hazijashikamana na ngozi, kisha weka sehemu hiyo kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 40 hivi. Usisugue, usitumie moto wala maji ya kuchemka, na nenda kwa daktari hata kama hakuna maumivu, kwani ganzi huficha jeraha.

## Hatua ya 9: Andika, kisha rudi kesho

Andika kwenye daftari tarehe, saa, kina cha mtungi kabla na baada, presha, usomaji wa oksijeni, na kina cha dewa. Linganisha kilichotoka na kilichoingia. Mara za kwanza tofauti itakuwa kubwa, na itapungua mkono wako ukizoea hatua ya tano.

Kesho yake pima dewa tena kwa fimbo kabla mtu hajaitumia. Dewa nzima ya lita 25 yenye shingo nyembamba hupoteza karibu robo lita kwa siku. Ikiwa imepoteza lita kadhaa usiku mmoja, na ukaona jalidi au jasho kwenye ganda la nje, utupu wake umeharibika. Iache ichemke yote mahali penye hewa, uibandike karatasi inayosema isitumike, na umpelekee msimamizi daftari lenye vipimo vya siku zote mbili.